Unga wa Karatasi

Joséphine alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote wa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia. Ninayesema hivyo ni mimi, ambaye kwa miaka mingi nimeomba mkono wake ukauke, kwa hiyo mniamini. Herufi zake zilikaa kwenye mstari bila kuyumba, hata alipoandika amesimama, hata alipoandika msibani, daftari likiwa juu ya goti.

Alizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Iga Barrière, kwa wakulima wa maharagwe, akasoma mpaka mwaka wa nne wa secondaire kabla baba yake hajaishiwa na mbuzi wa kuuza. Mume wake alikufa kabla ya vita, kwa homa, kitandani mwake. Siku hizi kifo cha namna hiyo tunakitaja kama sifa. Alimwachia nyumba ya udongo yenye bati na mtoto mmoja wa kike, Vanessa. Joséphine aliuza maandazi asubuhi, alasiri akawaandikia watu barua, na Jumatano alikuwa secrétaire, karani wa shirika letu, yaani nyumba arobaini na tatu za jirani zinazosali pamoja na kuzikana. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake katika daftari lake: jina la mwenye nyumba, watoto wangapi, wageni wa vita wangapi, na nani alileta nini kwenye matanga ya nani. Mtoto wetu wa pekee, Aimé, alipokufa kwa surua, yeye ndiye aliyeketi mlangoni kwangu siku tatu akiandika: maharagwe, kuni, sukari, mafuta. Hakuna aliyeweza kukuzika bila Joséphine kujua.

Alikuwa pia mtu wa kuudhi. Ukimwandikia kikaratasi cha kuomba chumvi, alikurudishia chumvi na kikaratasi chenyewe kikiwa kimesahihishwa. Mume wangu Gustave, fundi wa vitanda, alikuwa akimtania, "Mama Vanessa, mbinguni utakuta Petro na kitabu yake, utamwambia aandike upya." Joséphine alicheka mpaka akajifuta machozi. Tulipendana. Niliseme na hilo, nisije nikaonekana nilimchukia tangu mwanzo.

Mwaka wa 2002 Bunia ilikuwa mikononi mwa kundi moja la wenye bunduki lililojiita serikali. Lilikuwa na mawaziri, lilikuwa na mihuri, na lilitoza kodi hata jogoo. Watu wa Djugu walikuwa wakiingia mjini kila siku wamebeba magodoro kichwani, wakilala kwa jamaa, kwa jirani, kanisani, na serikali hiyo haikuwa na nia ya kuwalisha. Ikabuni mpango. Mfanyabiashara atakayewapa unga wakimbizi na familia zinazowahifadhi, alete liste, orodha ya waliopokea. Kwa kila gunia atapewa bon ya kodi, na kwa bon hiyo magari yake yatapita vizuizini bila kulipa.

Kulikuwa na kamati ya kukagua. Ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa shemeji ya mfanyabiashara aliyejitokeza. Wa pili alikuwa amekwisha kuhamia Kampala. Wa tatu hakujua kama yumo. Nilimwuliza baadaye, akacheka mpaka akakohoa. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Kwetu paka hakuwahi kufika.

Mfanyabiashara huyo aliitwa Xavier, mtu wa chumvi na mafuta ya mazutu, mnene, mpole, mwenye kusalimia hadi watoto. Alimjia Joséphine akiwa na kilo mbili za sukari na maneno machache. Alitaka liste ya familia za Ngezi zilizopokea unga wake. Joséphine akamwuliza ni unga gani, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Xavier akasema utafika, barabara ni mbaya, kwanza karatasi. Joséphine akakataa. Hapo Xavier akamtazama Vanessa, aliyekuwa akikanda unga wa maandazi uani, akasema kwa upole wake ule:

"Mama, ule mutoto iko na myaka ngapi sasa? Seize? Na weye unalala usingizi?"

Mtoto alikuwa na miaka kumi na sita kweli, na Joséphine hakuwa akilala. Kwenye avenue yetu wasichana wawili walikuwa wamechukuliwa na wenye bunduki mwezi ule. Mmoja alirudi. Xavier akamwahidi nafasi ya Vanessa katika ndege ndogo ya kwenda Beni, ambako mjomba wa mtoto alikuwa na duka. Ndege hizo hazikuwa na tikiti; nafasi ilipatikana kwa wakubwa wenye mizigo, na Xavier alikuwa mkubwa mwenye mizigo. Joséphine akachukua kalamu.

Nilimfumania mwezi wa kumi na moja. Nilikwenda kuomba moto, nikaingia jikoni kwake bila kubisha kama ilivyokuwa desturi yetu, nikamkuta ameketi chini, kiatu kimoja kimevuliwa, anabandika kidole gumba cha mguu kwenye kisanduku cha wino wa muhuri. Vidole vya mikono alikuwa amekwisha kuvimaliza. Kila jina lilitaka alama ya kidole chake, na yeye alikuwa na vidole ishirini tu kwa nyumba arobaini na tatu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikaketi, naye akacheka. Kisha nikasoma. Nyumba ya kwanza, magunia sita. Ya pili, sita. Ya tatu, sita. Lilikuwa daftari la shirika letu lenyewe, limenakiliwa nyumba kwa nyumba, na sisi tulikuwemo.

"Mama Vanessa, sasa juu ya nini unatuandika siye? Si ungetunga tu majina?"

Akaacha kucheka. Akaniambia jambo ambalo bibi yake alimfundisha kule kijijini: jina halitungwi. "Jina yenye haina mutu inatafuta mutu. Itazunguka, itaingia mu nyumba ya mwenye kuiandika. Na mu nyumba yangu, Mama Aimé, niko na nani mwingine?"

"Basi ungeandika wafu."

"Mufu ukimwandika kwa chakula, atakuya kula."

Mimi ni mtu wa Butembo, mji wa biashara. Kwetu mfanyabiashara wa namna ya Xavier angeandika hata majina ya mbuzi wake, na mbuzi wangepokea. Nilimwona mshamba, mwenye masomo yote yale. Lakini yeye alikuwa amepima kwa mizani yake: wafu hapana, majina ya hewa hapana, waliobaki ni walio hai anaowapenda. Akasema pia kwamba ikiwa siku moja unga utafika kweli, angalau utakuwa na majina yetu. Alikuwa anaamini hivyo, au nusu yake ilikuwa inaamini.

Alibaki na shida moja. Xavier alikuwa amempa jumla, na jumla ilipungua magunia sita. Alihitaji nyumba nyingine, na nyumba nyingine haikuwepo. Akawa anageuza kurasa, anauma kalamu. Nikamwambia, huku nikichukua kaa la moto kwa kipande cha mtungi:

"Siye utuandike kumi na mbili. Nami nikuwe tajiri mara moja mu maisha."

Akaandika. Gustave, douze sacs. Akaweka alama ya kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Nikaenda nyumbani na moto wangu, nikapika majani yetu ya sombe, na sikumwambia Gustave neno. Asingecheka. Alikuwa mtu wa kwenda kwa padri kwa mambo madogo kuliko hayo.

Magari ya Xavier yakapita. Mama mwenye beseni moja ya samaki wakavu alisimamishwa kizuizini akalipa, akiwa na mtoto mgongoni, na nyuma yake lori la Xavier likapewa njia, dereva akionyesha bon yake dirishani. Unga haukufika hata kikombe. Kila wiki Joséphine aliuliza habari ya ndege, na kila wiki Xavier alimwambia, "Wiki inakuya, mama." Joséphine alikuwa akienda kupokea komunyo na vidole vya zambarau, na watu wakasifu jinsi anavyojituma.

Mwezi wa tano, 2003, risasi zikaanza kusikika pembeni mwa mji. Serikali ile ikakimbia na mihuri yake mingine, mingine ikaiacha mezani. Joséphine akafunga nguo za Vanessa katika kitenge, wakaenda mbio mpaka kiwanja cha ndege. Xavier alikuwepo. Alikuwa anapakia congélateur mbili, friji za kugandisha, na magodoro. Vanessa ndiye aliyenisimulia. Mama yake alipiga magoti kwenye lami. Xavier alimwinua kwa mikono yake miwili, kwa heshima kabisa, akamwambia, "Poids imejaa, mama, ndege haiwezi kubeba tena. Ningefanya je?" Kisha akaomba watu wasogee, wasije wakaumizwa na upepo wa ndege.

Walirudi kwa miguu. Siku ya tatu wenye bunduki wengine wakauteka mji.

Hao wapya walivunja ofisi ya fedha wakitafuta dhahabu. Wakapata register yenye liste zile. Wengi wangeiwashia moto wa chai, lakini mkubwa wao alijua kusoma, na alisoma kila kitu kwa makini, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Akakuta kwamba Ngezi, mtaa wa maskini, una magunia mia mbili na sitini na kitu ya unga. Na chini ya kila ukurasa, kwa herufi nzuri zisizoyumba, akakuta: Secrétaire, Joséphine.

Walimfikia asubuhi. Vanessa walimtoa nyuma ya kuni. Joséphine akasema ukweli mara moja, bila kuulizwa mara ya pili: liste ni ya uongo, hakuna aliyepokea, vidole vyote ni vyake. Akavua hata kiatu aonyeshe. Mkubwa yule akacheka.

"Muhuri iko. Signature iko. Serikali inapiga muhuri kwa uongo?"

Akampiga kwa kitako cha bunduki mdomoni. Katika miezi yote ya mpango ule, kati ya mawaziri, wakaguzi na wenye mihuri, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyetoka ofisini kwenda kuona kama unga upo. Nimewaza jambo hilo mara nyingi na sijapata pa kulitupa.

Akamshika Vanessa mkono, akamwambia mama yake, "Utatuonyesha nyumba kwa nyumba. Mutoto atabakia na siye mpaka tupate." Joséphine akataka kuanzia nyumba ya mwanzo, kama daftari lilivyopangwa. Mkubwa akasema hapana. Wataanza na mwenye mengi.

Nilikuwa natwanga mihogo. Gustave alikuwa anapiga randa. Waliingia saba, na Joséphine katikati yao, damu kifuani, na nyuma Vanessa ameshikwa. Mkubwa akafungua register akasoma, "Gustave. Sacs douze. Farine." Gustave akacheka. Ndiyo, alicheka, maana alikuwa hajawahi kusikia jambo hilo, na kwake lilikuwa mzaha mzuri: yeye na magunia kumi na mawili! Hawakupenda kicheko kile.

Walichoma godoro kwa kisu. Walichimba sakafu kwa sululu yetu wenyewe. Wakapata nusu beseni ya unga wa mihogo na maharagwe kidogo. Mkubwa akauliza mengine yako wapi. Gustave akasema hatukupokea kitu. Akauliza tena. Gustave akasema vilevile.

Sasa nitasema la kwangu. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, mchi mkononi. Nilijua kumi na mbili ilitoka wapi. Ningeweza kusema, "Ni miye nilitaja, ni mchezo." Labda wangenipiga risasi mimi. Labda wasingeniamini, kama hawakumwamini Joséphine. Sijui, kwa sababu sikusema. Nilikuwa mwoga, na sina jina jingine la kuipa hali ile.

Gustave akamgeukia Joséphine. "Mama Vanessa, ambia hawa watu. Weye unajua siye."

Joséphine akamtazama Vanessa. Mkubwa alikuwa amemkunja mtoto mkono nyuma mpaka amesimama kwa vidole vya miguu. Akamtazama Gustave. Kisha akasema, kwa sauti niliyoisikia vizuri sana:

"Alishauzisha."

Nadhani alifikiri anamsaidia. Kilichokwisha kuuzwa hakitafutwi, wataondoka. Au alifikiria tu ule mkono wa mtoto. Mkubwa akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu lenye akili.

"Basi feza iko wapi?"

Gustave hakumtazama. Alikuwa bado anamwangalia Joséphine, ana mshangao usoni, na randa ilikuwa bado mkononi. Wakampiga risasi hapo hapo, akaangukia mbao za kitanda cha watu wa Aveba ambao hawakurudi kukichukua. Wakabeba beseni, wakabeba vifaa vyake, wakatoka. Joséphine akatangulia kuwaonyesha njia.

Waliingia nyumba sita zaidi kabla ya mchana. Katika mbili waliua. Katika ya nne hawakuua mtu, kwa sababu kulikuwa na mbuzi. Kisha risasi zikaanza upande wa kiwanja cha ndege, wakaitwa, na yule mkubwa akaachia mkono wa Vanessa kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili. Ndivyo Joséphine alivyomwokoa mtoto wake. Alimwokoa kweli. Mtoto hakuguswa, zaidi ya bega kuteguka.

Vanessa hakwenda nyumbani kwao. Alikuja kwangu saa nane, mkono mmoja ukining'inia, akachota maji kwa ule mwingine, akanisaidia kumwosha Gustave. Jioni mama yake alikuja mpaka kwenye ua, akaita, "Vanessa." Mtoto akaingia ndani akafunga mlango. Alilala kando yangu, kwenye godoro lililochomwa, na hakuondoka tena.

Askari wa kigeni walikuja mwezi wa sita, mji ukapoa kidogo kidogo. Joséphine akawa anakuja kila Jumapili na sahani iliyofunikwa. Vanessa hakuigusa, nilikula mimi. Alileta sabuni, tukafulia. Alileta barua, na barua hizo Vanessa aliziacha mezani bila kuzifungua. Mimi nilizifungua. Nilizisoma zote. Ziliandikwa vizuri mno. Alimwambia mtoto kwamba alisema neno lile kwa ajili yake. Hakuandika hata mara moja kwamba kumi na mbili ilikuwa yangu. Chini ya kila barua kulikuwa na mstari mmoja wa kwangu mimi: "Mama Aimé, tafadhali umwambie unayoyajua."

Ningemwambia, Vanessa angerudi kwao siku hiyo hiyo. Angemwona mama yake kama mtu aliyebanwa na mimi kama mtu aliyenyamaza. Nilikuwa sina mume, sina mtoto, na msichana huyu alikuwa ameanza kuniita mama. Barua niliziwashia moto. Padri alinitaka nisamehe. Nikamwambia nimekwisha kusamehe, akafurahi.

Xavier alirudi mwaka wa 2005 na congélateur zake. Aliuza vinywaji baridi, na vilikuwa baridi kweli, nami nilinunua. Wakubwa fulani walitumwa kutoka Kinshasa kuuliza habari za bon zile. Wakaambiwa makaratasi yaliungua. Wakaandika kwamba makaratasi yaliungua, wakala samaki, wakapanda ndege.

Joséphine alikufa mwaka wa 2009, kwa presha, akiwa peke yake na majirani wawili wapya wasiojua habari. Mtu wa shirika hakwenda. Mmoja wa majirani hao akaja kwetu asubuhi kutuambia maiti italazwa kaburini saa nane, na kwamba hakuna mtoto wa kumfunika.

Vanessa alikuwa ana miaka ishirini na miwili, anafundisha mwaka wa kwanza primaire. Alisikiliza amesimama. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cheusi. Akafika kizingitini, kisha akanigeukia.

"Mama, niende?"

Sikumwambia asiende. Nilimwambia tu kwamba mihogo iko inje, na mvua inakuya. Akavua kitenge, akakikunja, akakirudisha sandukuni, akatoka kuanua mihogo. Mvua haikunyesha siku ile.